Uso Wenye Woga

Katekista alinikuta juu ya ngazi nikiandika neno PHARMACIE kwenye ukuta wa duka moja la dawa karibu na soko. Nilikuwa nimebakiza herufi ya mwisho. Alisimama chini akingoja, kwani alikuwa mtu wa adabu na alijua kwamba mwandishi wa mabango hasemeshwi katikati ya herufi. Niliposhuka akaniambia kwamba padri ameruhusu kikanisa chetu, kile cha kando ya ziwa, kichorwe picha nyuma ya altare, ukuta mzima. Wakristo walikuwa wameshaichagua. Wengine walitaka Danieli, wengine wale vijana watatu ndani ya moto, lakini wengi walitaka Yesu amelala ndani ya boti, dhoruba inapiga, mitume wanamwamsha.

"Siye hapa hatuna simba," katekista akasema. "Hatari yetu njo hii." Akaonyesha ziwa kwa kidevu.

Nilikubali bila kufikiri. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na tangu ujana nilikuwa nimeandika majina tu: majina ya maduka, ya saluni, ya maboti, na ya marehemu kwenye misalaba. Mtu mzima mwenye uso na mikono sikuwahi kumchora ukutani. Katekista alinipa kalenda ya zamani yenye picha ile ya dhoruba ili niitazame. Mitume wake walikuwa na ndevu ndefu za manjano na boti lao lilikuwa na tanga kubwa jekundu.

"Usiweke hawa," akaniambia. "Weka boti letu. Weka watu wenye tunajua."

Nilipaka ukuta chokaa, nikaacha ukauke, kisha nikaanza kuchora kwa makaa. Boti halikunisumbua. Nimezaliwa ufukweni, na mama yangu alitulea kwa kuanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, mchangani hatua chache kutoka kikanisa kile. Watu ndio walionishinda. Niliwachora wote wameinua mikono mbinguni, kwa kuwa nilidhani hivyo ndivyo mtu wa imani anavyosimama mbele ya hatari.

Mdogo wangu alikuja kunitazama alasiri moja. Boti lao lilikuwa limevutwa nchi kavu kuzibwa nyufa, kwa hiyo hakuwa na kazi. Yeye alikuwa mvuvi, mtoto wa mwisho wa mama yetu, mwenye miaka ishirini na sita, na hakuwa ameoa bado. Alisimama katikati ya kanisa, akautazama ukuta, akacheka mpaka akakaa chini.

"Yaya," akaniita, kama tunavyowaita ndugu zetu wakubwa, "hawa watu wako wanacheza muziki?"

"Wanaomba."

"Mikono juu? Ndani ya wimbi? Muntu akiachilia boti anaruka kama kizibo."

Akavuta benchi moja, akaligeuza, akalipanda kama boti, akaanza kunifundisha. Mmoja anashika ubavu wa boti. Mmoja yuko kwenye mashine. Mmoja amekumbatia taa za kuvulia zisivunjike. Mmoja ana ndoo, anatoa maji, hana nafasi hata ya kutazama nyuma.

"Na mumoja anatapika," akasema. "Kila mara kuna mumoja mwenye kutapika."

"Siwezi kuweka mtume anayetapika nyuma ya altare."

"Basi muweke ameinama. Siye tutajua."

Nilifuta makaa yote kwa kitambaa, nikaanza upya. Siku mbili mfululizo alikuja baada ya saa nane, akakaa juu ya benchi lile na ndoo tupu mikononi, nami nikamchora. Ndiye akawa yule mtume wa ndoo, mbele kabisa, mkubwa kuliko wengine wote. Mwili ulikubali upesi. Uso ulikuwa jambo jingine. Nilikuwa nimewaza kumpa uso wa ushujaa, macho makavu, taya limekaza, lakini alipoutazama akatikisa kichwa.

"Uniandike naogopa."

"Kwa nini? Watu watakuona kila dimansi misani."

"Njo maana. Benzangu wote watakuja kuangalia. Ukiniweka siogopi watacheka, maana wananijua. Halafu, Yaya, kama ndani ya boti hakuna mwenye kuogopa, Yesu wanamuamsha kwa nini?"

Nikamwomba aweke uso wa woga. Hakuweza kuuigiza, kila alipojaribu kilitoka kicheko. Mwishowe akatulia, akaniambia habari ya siku moja ambayo hakuwa amemsimulia mtu nyumbani, walipokuwa wakirudi kutoka upande wa Moba na wimbi likazima mashine. Alisema alimwita Mama. Hakumwita Mungu, alimwita Mama, kwa sauti kama ya mtoto, na alikuwa akiona haya mpaka siku ile. Alipokuwa akisimulia, mdomo wake ulifunguka kidogo na macho yake yakawa kama yanatafuta mtu nyuma yangu. Nilichora haraka, sikumkatiza. Alipomaliza kusema nami nilikuwa nimemaliza kuchora.

Nimechora vitu vingi kabla na baada ya siku ile. Hakuna kilichotoka vizuri kama uso ule.

Yesu nilimlaza nyuma, juu ya nyavu, na uso wake nikauficha nusu kwa mkono wake mwenyewe. Watu walisifu jambo lile, wakasema anaonekana kweli amechoka. Ukweli ni kwamba sikujua nimfananishe na nani, nikaogopa.

Siku picha ilipobarikiwa, wavuvi waliojaza kikanisa hawakuwa wamewahi kuonekana misani. Walisogea mpaka altare, wakabishana kuhusu fundo la kamba niliyoichora na mahali nilipoweka taa. Walimtambua mdogo wangu, wakampiga mgongoni. Walimtambua pia yule aliyeinama, wakacheka kwa sauti ya chini. Mama alivaa pagne, kitenge chake cha sikukuu. Alisogea karibu, akagusa shavu la mwanawe pale ukutani. Rangi haikuwa imekauka vizuri, na alirudi nyumbani na doa la kahawia kwenye kidole.

Ilikuwa kiangazi, wakati ule ambapo upepo wa kusini unavuma siku tano, sita, kisha unapumzika. Upepo ulipumzika. Mdogo wangu na wenzake watatu wakashusha boti majini saa kumi alasiri. Alipita kwangu kuazima koti, kwa kuwa lake lilikuwa limeloa. Nilimpa. Hatukusema neno lolote la maana.

Asubuhi maboti yalirudi moja moja na lao halikuwamo. Upepo ulikuwa umerudi bila kutoa ishara. Nilitembea ufukweni upande wa kusini siku nzima, na kesho yake upande wa kaskazini, nikiuliza kila kijiji. Siku ya tatu tulipata habari kwamba boti limeonekana limepinduka mbele ya mawe, mbali, na kwamba mtu mmoja yuko hai. Siku ya nne miili miwili ilipatikana. Mdogo wangu hakupatikana. Hajapatikana hata leo.

Yule aliyepona alikuwa mtu wa kaskazini mwa ziwa, wa upande wa Fizi, aliyekuja kwetu Kalemie kuvua. Alipoweza kutembea alikuja kwenye kilio, akapiga magoti mbele ya Mama pale mkekani. Mikono yake ilikuwa imechunika kwa kushika mbao.

Mama alimuuliza jambo moja tu. "Mwanangu aliomba?"

"Ndiyo, Mama. Aliomba."

"Alisema nini?"

"Alisema… Alisema Bwana apokee roho yake."

Mama akafumba macho. Wanawake wakaanza wimbo. Nilimsindikiza yule mtu mpaka njiani, na tulipofika mahali pasipo na watu alisimama akanishika mkono.

"Yaya, unisamehe. Niliongopa. Sikusikia muntu mwenye kuomba. Tulikuwa tunapiga makelele na kutukanana, kila muntu anamulaumu mwenzake. Ndugu yako alikuwa na ndoo. Alitoa maji mpaka boti liligeuka. Kisha sikumuona."

Nilimshukuru. Sikumwambia Mama, na sitamwambia.

Wazee wa ukoo walishauri tuzike nguo zake, ili awe na kaburi na roho ipate mahali pa kupumzika. Walikuwa wameshachagua hata mahali. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sikuzaa nguo," akasema.

Ikawa basi. Kilio kikavunjwa, watu wakarudi kwao, nasi tukabaki bila kaburi. Tulibaki bila picha pia. Simu yake alikuwa nayo majini, na kadi yake ya uchaguzi alikuwa ameifunga ndani ya plastiki mfukoni, kama wavuvi wanavyofanya ili wakipatikana wajulikane. Nyumbani kulikuwa na picha moja ya komunyo ya kwanza, mtoto wa miaka tisa ameshika mshumaa, uso umefifia kwa unyevu. Ukuta wa kikanisa ndio peke yake uliobaki na sura yake ya mtu mzima.

Mama akaanza kwenda kila siku. Akishageuza ndagala zake juani, ananawa mikono, anaingia kanisani, anakaa benchi la mbele. Mwanzoni watu walisema ni vizuri, anapata faraja. Hata mimi nilisema hivyo. Nilijivunia kidogo, Mungu anisamehe. Niliwaza kwamba mkono wangu umempa kitu ambacho ziwa limemnyima.

Siku moja nilikwenda kumchukua kwa sababu ya mvua ya kwanza. Alikuwa peke yake, amekaa wima. Hakugeuka niliposogea.

"Angalia," akasema. "Anaogopa."

"Mama, twende."

"Kila siku nikikuja, anaogopa. Nikitoka, namuacha anaogopa. Niko kule kwenye ndagala, najua yuko huku, mudomo wazi, anaogopa. Na Yule amelala." Akageuka sasa, akanitazama. "Kwa nini ulimuandika hivi? Ulikuwa unajua nini?"

Nilimweleza kwamba mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyeomba. Nilimweleza maneno yake yote kuhusu wenzake na kuhusu kumwamsha Yesu. Lile la kwamba siku ile karibu na Moba alimwita yeye, mama yake, lilinifika mpaka ulimini. Huenda lingemponya. Huenda lingemuua. Nililimeza.

"Toa ule woga," Mama akasema. "Wewe ulimuwekea, wewe utoe. Nataka nimuone ametulia."

Nilijaribu kukwepa kwa siku kadhaa. Nilisema rangi sina, kisha nikasema ukuta una unyevu. Alikuwa ananiangalia tu. Jumatano moja asubuhi nilichukua makopo yangu, nikaomba ufunguo kwa katekista, nikajifungia.

Nilidhani ni kazi ndogo. Nilitaka nifunge mdomo kidogo tu, nishushe nyusi, nipunguze weupe wa macho. Nilifunga mdomo. Ulipofungika, mashavu yakawa hayamfai tena, yakawa ya mtu mnene. Nikapunguza mashavu. Macho yakabaki yanatafuta mtu juu ya mdomo uliotulia, kama macho ya mwizi. Nikayageuza macho. Kila nilichogusa kiliharibu kilichokuwa jirani yake. Nilitafuta kichwani uso wake akiwa ametulia, akila, akilala mchana kwenye mkeka, nikagundua kwamba siupati. Niliokuwa nao ni ule tu niliouchora. Nikashikwa na hofu, nikatia petroli kwenye kitambaa nifute rangi mpya ili nirudie ya zamani, na ya zamani ikatoka nayo. Ilitoka kwa urahisi, ikashuka shingoni kwa michirizi.

Sikuweza kuacha vile. Nikachora upya, kwa kukumbuka, mpaka mchana. Nikapata uso wa kijana mwema, mtulivu, mwenye macho mazuri. Angeweza kuwa mtu yeyote. Angeweza kuwa kwenye bango la saluni.

Nilipofungua mlango nipate hewa, Mama aliingia bila kuitwa. Alisimama karibu sana na ukuta, kwa kuwa macho yake hayakuwa yanaona mbali vizuri. Alitazama muda mrefu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeonyeshwa mgeni mlangoni. Nilikaa chini kwenye kidaraja cha altare, mikono yangu inanuka petroli. Alinitazama, naye akaelewa. Nilingoja apige kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alikuja akanipangusa rangi kwenye paji la uso kwa ncha ya pagne yake, kama alivyokuwa akitupangusa tulipokuwa wadogo, sisi wote.

"Pole, mwanangu," akasema. "Umechoka."

Akatoka. Hakurudi tena kukaa mbele ya ukuta ule.

Katekista alijaribu kunisaidia kwa namna yake. Alinikuta nyumbani wiki chache baadaye, akakaa, akazungushazungusha kofia yake magotini.

"Labda umuchore Yesu ameamuka," akasema. "Uinue ule mukono wake, umuweke anakemea upepo. Watu wengi wameniomba. Si mama yako peke yake. Kuna wale wajane wawili wa boti lile mule kanisani."

"Ameamka saa ngapi, Papa Katekista?"

Aliacha kuizungusha kofia.

"Nikimchora ameamka, nichore boti gani? Lile lililogeuka, au lililorudi?"

"Mimi pia sijui," akasema. Alikuwa mzee mwaminifu. Miaka thelathini alikuwa amefundisha watoto wa mtaa ule maombi yao. "Kila dimansi ninasimama mbele ya picha ile, naisoma Injili, na nikigeuka nikawaona wale wajane, maneno yananikauka. Lakini nikiacha kusoma, nitawapa nini?"

Tuliagana bila kuamua lolote. Kisha maji yakatuamulia.

Ziwa lilikuwa likipanda kwa muda, kidogo kidogo, na watu walikuwa wakilisema kama wanavyosema bei ya unga. Msimu ule wa mvua liliacha mchezo. Liliingia kwenye nyumba za mstari wa kwanza, likaingia za mstari wa pili. Mahali Mama alipokuwa akianika ndagala paliingia maji ya kufika kiunoni. Nyumba aliyotuzalia ilibomoka upande mmoja, kisha mwingine. Jirani zetu wengine walipanda mlimani kwa ndugu. Wengine walikwenda upande wa Katanika, wakajenga vibanda vya turubai jirani na watu waliokimbia vita miaka mingi kabla na hawajarudi kwao. Mama nilimleta kwangu. Alibeba sufuria, Biblia yake na ile picha ya komunyo.

Nilikwenda kanisani mara moja tu, mchana, suruali nimeikunja mapajani. Mabenchi yalikuwa yamekwisha kuondolewa. Samaki wadogo walikuwa wakipita mlangoni. Unyevu ulikuwa umepanda ukutani kushinda urefu wangu, na plasta ilikuwa imevimba na kuanguka kwa vipande. Boti halikuwepo. Mikono yote iliyolishika haikubakiza hata vumbi. Yule kijana mtulivu niliyemtengeneza kwa petroli alikuwa ameanguka pia, na Yesu na nyavu zake. Juu kabisa ilibaki anga ambayo nilikuwa nimeipaka haraka haraka, kijivu, bila kuifikiria.

Nilihisi nafuu. Nimewaficha watu jambo hili mpaka leo. Niliona kosa langu limefutwa na nikahisi nafuu, nikiwa nimesimama ndani ya maji yaleyale yaliyomchukua. Kisha nafuu ile ikapita, na tangu siku ile sijaweza kuomba. Nimejaribu. Naanza maneno, ninafika katikati, nasikia kama mtu anayeongea ndani ya nyumba iliyohamwa.

Wakristo sasa wanasali juu mlimani, chini ya mabati yaliyosimamishwa kwenye miti. Kuna ukuta mmoja wa mbao. Waliniuliza kama naweza kuandika kitu, hata msalaba tu. Niliwaambia macho yangu yameharibika. Hayajaharibika. Naandika bado mabango ya maduka, na mkono wangu umenyooka.

Mama anaendelea kusali. Anaamka kabla yangu, anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, anasali kwa sauti, kama watu wa umri wake. Anamwombea kila mmoja wetu kwa jina, kwa kufuatana tulivyozaliwa: mimi kwanza, kisha dada zangu wawili walioolewa mbali, kisha yeye, mdogo wetu. Hamtaji pamoja na marehemu. Marehemu wana wakati wao baadaye, baba yetu na wazazi wake. Yeye anamtaja na sisi, na anaomba apewe afya, apewe mke mwema, alindwe na upepo.

Nilimuuliza dada yangu kwa simu kama tumkataze. Alilia tu.

Kwa hiyo kila asubuhi nasimama uani na beseni la maji ya kunawa, nikimsikia. Anapofika kwenye jina langu anaomba nipate tena moyo wa kusali. Namsikia anasema hivyo, waziwazi, dirisha likiwa wazi. Nangoja amalize, kisha naingia kumsalimu, naye ananiuliza kama nimelala vizuri, nami namjibu kwamba nimelala.